Kahawa ya Tarime na Maneno ya Kuazima

Wapo watakaouliza kahawa imefuata nini kwenye kurasa za uhakiki. Hapa, watasema, ni mahali pa riwaya, ushairi na tamthilia, na kahawa ina mahali pake, kijiweni, pamoja na drafti na ubishi wa Simba na Yanga. Jibu langu ni fupi. Kahawa siku hizi inauzwa na maandishi. Pakiti ya robo kilo ina maneno mengi kuliko shairi la beti tano, na maneno hayo yana mwandishi, yana msomaji aliyekusudiwa, yana fani na maudhui, na yana pesa nyuma yake. Kitu chenye mambo hayo yote kinahakikiwa. Tena hiki kihakikiwe mapema, kwa sababu sisi vijana tunaojifunza kuandika tumeanza kukiiga bila hata kujua kwamba tunaiga.

Pakiti ninayoizungumzia ililetwa hapa Bariadi na mwenzetu mmoja aliyetoka Mwanza. Aliyeikaanga simtaji, maana shabaha yangu siyo duka la mtu. Ni kahawa ya Tarime, mkoa wa Mara, majirani zetu kabisa: unatoka Bariadi, unateremka Lamadi, unashika barabara ya Mwanza kwenda Musoma, unapita Bunda, unakaza mwendo mpaka unakaribia mpaka wa Sirari. Pakiti imeandikwa Kiingereza kitupu. Inasema ni kahawa ya asili moja, arabika, iliyooshwa, iliyolimwa juu ya mita 1,500. Halafu inasema ukiionja utakuta kile kitunda cheusi cha Ulaya ambacho sisi tunakijua kwa soda yenye rangi ya zambarau, utakuta ua la mchungwa, sukari ya kahawia na chai nyeusi. Chini kabisa ipo tarehe ya kuharibika. Tarehe ya kukaangwa haipo. Basi.

Nianze na sifa, maana mhakiki anayeanza na rungu hasomwi mpaka mwisho. Hilo neno "asili moja" ni hatua kubwa. Maana yake ni kwamba punje zote zilizomo zimetoka mahali pamoja panapotajika: wilaya, chama cha msingi, pengine hata shamba moja. Kinyume chake ni mchanganyo, ambapo kahawa ya nchi tatu nne inatiwa kwenye mashine moja na kutoka na jina la kubuni. Mchanganyo si dhambi, ipo michanganyo mizuri sana, lakini ndani yake mahali panapotea. Na kupotea kwa mahali sisi Watanzania tunakujua. Kule Japani, Kilimanjaro si jina la kahawa ya mlima ule peke yake. Kwa kanuni za biashara yao, arabika iliyooshwa ya Mbinga au ya Mbozi, mamia ya kilomita kusini ya mlima, nayo huuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Na mchanganyo ukiwa na asilimia 30 ya kahawa hiyo, tayari unaruhusiwa kubeba jina. Wanaofuatilia historia hiyo husema jina lilishika kwa sababu ya filamu ya mwaka 1952, iliyotokana na hadithi fupi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, "The Snows of Kilimanjaro". Hebu lifikirie hilo, mwandishi mwenzangu. Hadithi fupi moja, ambayo wala haikuandikwa kwa ajili ya kahawa, imekwenda mpaka Umatengo na kumbandika mkulima jina la mlima ulio mbali naye kama Bariadi ilivyo mbali na Bagamoyo. Wanaosema fasihi haina nguvu waambieni hilo.

Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa "Tarime" ninaivulia kofia. Imekataa mlima wa watu, ikataja kwao.

Ila hiyo asili yenyewe, ukiichimba, si moja. Arabika kwao ni misitu ya kusini-magharibi ya Ethiopia. Ilivuka kwenda Yemeni, na neno letu "buni" ni la Kiarabu kama lilivyo neno "kahawa". (Mmea wake tunauita mbuni, na hapa Simiyu, tunaopakana na Serengeti, ukisema "nimeona mbuni" watu wanafikiria manyoya na shingo ndefu. Nimemwona mtoto wa shule akichora ndege mkubwa amekaa juu ya kikombe. Mchoro ule ulikuwa bora kuliko matangazo mengi.) Aina iitwayo Bourbon, ambayo damu yake imo katika kahawa nyingi za kaskazini mwa nchi hii, imechukua jina la zamani la kisiwa cha Réunion, na wamisionari wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioweka kituo Bagamoyo mwaka 1868, ni miongoni mwa walioipandisha bara. Baadaye kituo cha utafiti cha Lyamungo, kilichoanzishwa mwaka 1934, kilichagua mibuni iliyofaa na kuipa majina ya N39 na KP423. Hayo nayo ni majina, ingawa yanasikika kama namba za magari. Leo ni taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, yenye makao pale pale Lyamungo, inayozalisha miche inayohimili maradhi.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwenye maradhi. Kwa sababu ugonjwa mkubwa wa arabika, ule unaoozesha matunda mabichi yakiwa bado mtini, una jina zuri la Kiswahili: chulebuni. Sijui kama umewahi kuliona neno hilo kwenye shairi. Mimi sijaliona. Kiswahili cha kahawa kipo, tena kizito. Mkulima ana chulebuni na kutu ya majani, ana kuchuma mbivu na kuacha mbichi, ana kumenya, kuvundika, kuosha, kuanika juu ya vichanja, kukoboa. Kagera wana butura, biashara ya kumuuzia mtu kahawa ikiwa ingali ua; serikali inaipiga marufuku mwaka huu, shida ya ada za shule inairudisha mwaka ujao. Neno "butura" peke yake ni riwaya inayosubiri mwandishi. Lakini lifuate gunia. Likishapakiwa kwenda mnadani, Kiswahili kinateremka kwenye lori. Kuanzia hapo ni AA, A, B, PB na C, na herufi hizo hazisemi lolote kuhusu ladha, zinasema chekeche. AA ni punje zinazobaki juu ya chekeche namba 18, lenye matundu ya inchi 18/64, kama milimita 7. PB ni tunda lililozaa punje moja ya mviringo badala ya mbili zilizolaliana. Wahaya, ambao walitafuna kahawa yao ya robusta iliyochemshwa na majani ya kunukia na kukaushwa, kabla Mzungu hajawafundisha kuinywa, waliziona zile punje mbili ndani ya ganda moja wakazifanya kiapo cha undugu wa kuchanjiana: kila mmoja anameza yake pamoja na damu ya mwenzake. Huo ni usomaji wa kitu. Chekeche halisomi.

Sasa mtu ataniambia: bwana we, wewe ni wa mkoa wa pamba, kahawa inakuhusu nini? Ni kweli Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Shinyanga, hauishi kwa kahawa. Mvua zetu ni chache na zinayumba, jua letu ni kali, ardhi yetu ya mbuga inataka pamba, mpunga, mtama na dengu. Lakini pamba ndiyo iliyonifungua macho. Mtoto wa Itilima au Meatu, hata kabla hajamaliza darasa la tano, anajua kutenganisha pamba safi na pamba fifi. Safi ni daraja la kwanza. Fifi ni ile iliyobadilika rangi, yenye madoa, iliyochuma vumbi na kupigwa na mvua. "Fifi"! Tazama neno hilo. Limetoka kwenye kufifia, na halihitaji kamusi wala mwalimu. Nani alilileta? Sokoni ndiko lilikokaa, kwa sababu safi ina bei yake na fifi ina bei yake. Mahali ambapo ubora unalipiwa mbele ya macho ya mkulima, lugha ya ubora inaota yenyewe, kwa Kiswahili, na mpaka watoto wanaisema. Mkulima wa Tarime mara nyingi analipwa kwa kilo. Maksi alizopewa na waonjaji huzisikia kwa nadra, kama anazisikia. Angelipwa kwa ladha, tungeshakuwa na maneno ya ladha ishirini kutoka Nyamwaga peke yake, na mimi nisingekuwa na haja ya kuandika haya.

Hao waonjaji nao tuwatendee haki. Kazi yao ina utaratibu wa kuheshimika kuliko uhakiki mwingi wa vitabu ninaousoma. Gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji, nyuzi 93 hivi, dakika nne bila kugusa, kisha kijiko kinavunja ukoko na pua inatangulia. Wanaonja vikombe kadhaa vya kahawa ile ile ili mmoja usiwadanganye. Wanatoa alama kwa mia, na kahawa ikifika 80 ndiyo inaitwa maalumu, jina ambalo mfanyabiashara mmoja, Erna Knutsen, alilitumia kwanza mwaka 1974. Mwaka 1995 Wamarekani wakachora gurudumu la ladha, likafanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, ili mnunuzi wa Oslo na muuzaji wa Moshi wakisema neno moja wawe na maana moja. Hiyo ni lugha ya kazi, kama ya mafundi seremala. Mwandishi wa pakiti yetu hakudanganya. Alimwandikia mtu wa Oslo, na mtu wa Oslo amekula kile kitunda cheusi tangu utotoni kwenye mkate wa bibi yake. Kwake yeye neno lile lina jikoni ndani, lina baridi ya asubuhi, lina bibi. Kwetu lina soda.

Hapo ndipo maandishi yanapofeli yakivuka Lamadi. Kahawa imesafiri kilomita chache, maelezo yake yamepitia Ulaya kwanza.

Dawa wengine wanaiona rahisi: tafsiri. Mimi sioni hivyo. Ukitafsiri "sukari ya kahawia" unapata sukari ya kahawia, ambayo ni sukari ile ile ya dukani ya Kagera au Kilombero, na msomaji anajiuliza kama wameitia ndani. Tena kikemia hakuna sukari ya kutosha kuisikia ulimini: arabika mbichi huwa na sukari ya miwa asilimia 6 hadi 9 ya uzito wake, na karibu yote inateketea kwenye moto. Utamu unaousikia ni harufu inayopanda puani kutokea nyuma ya koo na kuudanganya ulimi. Sisi tunaokesha kutafuta tamathali za semi tumekalia tamathali ya bure na hatuioni.

Kabla ya kukimbilia tafsiri tuhesabu tulichonacho. Kiswahili kina uchachu, na kina ugwadu, na si kitu kimoja. Uchachu ni wa maziwa yaliyolala, wa togwa iliyopitiliza, una uchovu ndani yake. Ugwadu ni wa embe bichi na ndimu, unakurukia na kukukunja uso. Kina ukakasi, ule unaoshika ulimi na meno kama umeng'ata ndizi mbichi. Kina chapwa, kwa kitu kisicho na ladha yoyote. Kina kukolea. Utajiri huo si haba. Upande wa pili, tusijipendelee, yapo maneno yetu yaliyochoka. "Kali" tumeibebesha mzigo wa punda: pilipili kali, sigara kali, jua kali, mwalimu mkali, kisu kikali, filamu kali. "Tamu" ndiyo mbaya zaidi, maana inamaanisha yenye sukari, na inamaanisha inayopendeza, na mwandishi mvivu anajificha katikati. Supu tamu, hadithi tamu, sauti tamu. Kwenye kikundi chetu tunasomeana miswada kila Jumamosi, na mwezi uliopita hadithi tatu zilikuwa na dada anayekunywa kahawa kwenye mgahawa wa Masaki. Wote watatu walikunywa kahawa "yenye ladha tamu na harufu ya kuvutia". Dada watatu, waandishi watatu, kikombe kimoja! Mmoja wa waandishi hao hajawahi kufika Dar, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba alishawahi kunywa kahawa pale stendi mara mia na hakuona kama ile nayo ni kahawa ya kuandikwa.

Ya stendi, basi. Kahawa ya kijiweni inaitwa chungu, na hilo si lawama. Mtu anaagiza "nipe chungu" kwa sauti ya furaha. Birika juu ya mkaa, vikombe vidogo visivyo na mkono ndani ya ndoo ya maji, tangawizi, pengine iliki, na pembeni kashata ya karanga. Wataalamu wa alama kwa mia wangeikataa hata kabla ya kijiko, na sababu ninazijua. Punje ni za daraja la chini, mara nyingi robusta, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika. Imekaangwa mpaka ikawa nyeusi na kutoa mafuta, kisha inachemshwa na kuchemshwa tena. Sitaki kuipamba kwa uzalendo. Nimewahi kupewa kikombe kilichoonja mahindi yaliyoungua, nikanyamaza kwa heshima ya mvi za aliyenipa. Lakini kwa fani, kahawa ile ina muundo ambao kikombe cha Oslo hakina. Ladha yake haimo kwenye kikombe peke yake. Uchungu uko mkono wa kulia, utamu uko mkono wa kushoto, na mnywaji ndiye anayeamua zikutane lini. Ukiihakiki bila kashata ni sawa na kuhakiki ngonjera kwa kumsikiliza mhusika mmoja.

Tukaamua tuache maneno, tukaange. Tulipata nusu kilo ya buni za Tarime zilizokobolewa, za kijani kama dengu changa, tukazigawa mara mbili. Kifaa kilikuwa kikaango cha kawaida juu ya mkaa na mwiko wa ugali. Kiswahili kinatumia "kukaanga" kwa kahawa, kwa karanga na kwa samaki, na mwanzoni nililiona kuwa ni upungufu. Baada ya kusimama mbele ya kikaango nimebadili mawazo, kwa sababu neno hilo lina mkono unaokoroga ndani yake. Ukiacha kukoroga sekunde kumi, umechoma.

Dakika za mwanzo hakuna kahawa. Kuna harufu ya majani mabichi, ya nyasi zilizolowa mvua ya kwanza, na punje zinageuka manjano. Ni maji yanatoka. Buni iliyokauka vizuri bado ina maji asilimia 10 hadi 12. Kisha manjano inakwenda hudhurungi na harufu inahamia kwenye mkate, kwenye karanga. Hapo sukari na protini zinashikana, mambo ambayo mwanakemia Mfaransa aitwaye Maillard aliyaeleza mwaka 1912 na ambayo kila mama anayegeuza chapati anayajua kwa pua. Ngozi nyembamba zikaanza kupeperuka, zikatuingia machoni. Halafu zikalia. Mlio wa kwanza, karibu nyuzi 196, ni kama wa bisi: tap, tap-tap, punje inatanuka na kupasuka mshipa wa katikati. Fungu la kwanza tuliliondoa muda mfupi baada ya mlio huo kupoa, tukalipepeta kwenye ungo. Fungu la pili tuliliacha mpaka mlio wa pili, ambao unakuja karibu nyuzi 224 na ni mdogo, wa haraka, kama chumvi iliyodondokea moto. Moshi ukawa wa buluu. Robo kilo ya kwanza ilipungua kiasi cha gramu 40. Ya pili ilipungua zaidi. Kikaango hakikaangi sawasawa kama mashine inayozunguka, kwa hiyo katika kila fungu zilikuwepo punje zilizotangulia na punje zilizobaki nyuma. Hata hivyo, ilikuwa na umri wa siku mbili tulipoinywa, na ile ya pakiti umri wake hatuujui. Kahawa iliyokaangwa inapoteza harufu yake wiki hadi wiki. Maandishi yanayotaja mita za mwinuko na kuficha siku ya moto yamechagua kinachomfaa muuzaji.

Tulionja watano. Wanne wa kikundi, na mzee mmoja anayeuza kahawa karibu na stendi, ambaye tulimfuata kwa shikamoo na kumwomba atusaidie kazi ya shule, maana "uhakiki" tuliona atatucheka. Maji ya Bariadi, kwa mwinuko wetu, yanachemka karibu nyuzi 96, kwa hiyo huna haja ya kusubiri sana yapoe. Hatukuwaambia watu ipi ni ipi.

Lile fungu lililofika mlio wa pili lilikuwa chungu safi, lenye moshi, na zaidi ya hapo halikuwa na habari. Ungeweza kuniambia ni la Mbinga, la Brazili au la sayari nyingine. Moto ulikuwa umeufuta mlima. Mzee alilipenda, akasema hili ndilo linalouza. Ya pakiti ilikuwa nzuri kwa pua na nyepesi kwa mdomo, ikiwa na kitu kama karanga mbichi kwa mbali, dalili kwamba ndani ya punje moto haukufika vizuri. Aliyeikaanga aliogopa kuua matunda yake akaishia kuyaacha na umbichi. Tukaja kwenye fungu letu la kwanza. Likiwa la moto, ugwadu ulitangulia, mwembamba, wa ukwaju uliolowekwa. Mzee akakunja uso. "Hii imechacha, wanangu," akasema, akakiweka kikombe chini. Tukaongea mengine, bei ya mkaa, pamba. Baada ya robo saa akakichukua tena, kimepoa, akanywa, akanyamaza, akanywa tena. Akasema: "Matobolwa." Kisha akaongeza kwamba mwishoni inabaki kama furu, lile lililoiva likawa jeusi, siyo la kijani.

Kwa wasomaji wa mbali: matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa, michembe ni vile vilivyoanikwa vibichi. Ukitafuna tobolwa utamu hauji mara moja, unautafuta, unakuja na jua na vumbi kidogo. Furu ni tunda la porini, dogo, jeusi likiiva. Sasa rudi kwenye pakiti: sukari ya kahawia, kitunda cheusi. Mzee huyo hajui Kiingereza cha pakiti na hatukumsomea. Amefika pale pale kwa njia ya Usukuma, na mimi naona amefika karibu zaidi, kwa sababu tobolwa lina ule muda wa kusubiri ambao sukari haina. Yule wa Oslo alisoma ladha; mzee alisoma ladha na mwendo wake.

Nisieleweke kuwa nataka kila kahawa ya nchi hii ielezwe kwa viazi vya Bariadi. Mtu wa Mbozi ana matunda yake, wa Kilema ana ndizi zake, wa Pwani ana mabungo na shokishoki. Wala sitaki kusema kitunda cha Ulaya kifukuzwe. Kinapouzwa Ulaya kibaki. Ninachodai ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: anayeandika kwa Kiswahili aonje kwanza, halafu akae na kikombe mpaka kipoe. Wale dada watatu wa Masaki warudishiwe vikombe vyao. Mmoja wao pengine atagundua kahawa yake ina ukakasi, na hadithi yake, ambayo sasa hivi imekaa kama picha ya kalenda, itapata mahali pa kuanzia.

Jioni ile tulikaa tukaandika upya maneno ya pakiti, kwa zoezi. Tuliandika: Kahawa ya Tarime. Arabika, imeoshwa, imeanikwa kichanjani. Imekaangwa Bariadi, siku fulani, mwezi fulani, kwa mkaa, ikaondolewa baada ya mlio wa kwanza. Tuliacha nafasi ya jina la chama cha msingi na la mkulima, kwa sababu aliyetuuzia buni hakuwa nayo. Kwenye ladha tuliandika: ukwaju ikiwa ya moto, matobolwa ikipoa, furu mwishoni. Mmoja wetu alitaka iandikwe "ugwadu wa ukwaju", mwingine akasema ugwadu ni wa kitu kibichi na ukwaju umeiva, kwa hiyo ni uchachu. Wa tatu akasema ukiandika uchachu hakuna atakayeinunua, watadhani imeharibika. Mzee alikuwa ameshakusanya vikombe vyake anaondoka. Ubishi ulivuka saa tano usiku, na karatasi bado ina nafasi tupu mahali pa neno hilo.